Kilichozifukuza Chembe Majini

Chukua kipande cha Nafion, polima inayotumika kama utando ndani ya seli za fueli za haidrojeni. Kitumbukize katika maji yaliyotiwa vitufe vya plastiki vyenye kipenyo cha mikromita 1 hivi, kisha kiweke chini ya hadubini. Mwanzoni chombo kizima kina ukungu wa chembe. Sekunde chache baadaye ukungu unaanza kuachana na Nafion, na baada ya dakika kadhaa kando yake panabaki ukanda usio na chembe hata moja, wenye upana wa mikromita 200 au zaidi. Hakuna aliyekoroga wala aliyechuja. Chembe zimeondoka zenyewe, zote upande mmoja, na zimesimama kwenye mpaka unaoonekana wazi kwa macho.

Jaribio hili halina siri. Maabara za Marekani, Uholanzi, Hispania na Australia zimelirudia na kuona kitu kile kile. Kwa hiyo sitapoteza nafasi kujadili kama ukanda huo upo. Upo. Kinachonishughulisha ni hatua iliyofuata: jinsi watafiti walivyotoka kwenye “chembe hazipo hapa” wakafikia dhana mbili zinazopingana kabisa, na jinsi mojawapo ilivyotiwa kwenye hesabu ikasimama.

Kwanza, umbali. Molekuli ya maji ina upana wa takriban nanomita 0.28. Ukanda wa mikromita 200 ni sawa na molekuli zipatazo 700,000 zilizopangwa moja baada ya nyingine. Nadharia ya kawaida ya nyuso zenye chaji ndani ya maji, iliyoandikwa na Boris Derjaguin na Lev Landau mwaka 1941, kisha na Verwey na Overbeek mwaka 1948, inasema kwamba umeme wa uso hufunikwa upesi na ioni zilizomo majini. Katika maji safi kabisa umeme huo hufifia baada ya mikromita 1 hivi. Katika maji yenye chumvi kiasi cha damu, hauvuki nanomita 1. Mvutano wa van der Waals nao unaishia makumi ya nanomita. Hakuna katika orodha hiyo nguvu inayoweza kumaliza kazi ya mikromita 200.

Ndiyo maana Jian-ming Zheng na Gerald Pollack wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walipochapisha matokeo yao mwaka 2003, watu walisimama kuwasikiliza. Walikuwa wameuona ukanda huo kando ya jeli zinazopenda maji, na baadaye kando ya Nafion, ambako ulikuwa mpana zaidi. Hawakuwa wa kwanza kukutana nao. Mwaka 1970 Green na Otori, wakichunguza konea na lenzi za kuvaa jichoni, walikuwa wamekwisha kuona tabaka la namna hiyo, ila wao walilihesabu kuwa ni maji yasiyokorogeka na wakaendelea na kazi yao ya macho. Pollack alilitazama kwa namna nyingine kwa sababu alitoka kwenye utafiti wa misuli, na alikuwa amemsoma Gilbert Ling, mwanasayansi aliyeshikilia kwa miongo mingi kwamba maji ndani ya seli hujipanga kwa tabaka. Aliyeingia maabara na wazo hilo kichwani angeona nini kingine kando ya jeli, kama si maji yaliyojipanga?

Hata hivyo, nataka nimtendee haki. Hakuishia kwenye picha za hadubini. Kikundi chake kilipima ukanda huo kwa njia nyingi, na mwaka 2006 kilitoa mlolongo wa ushahidi. Sindano ya umeme iliyochomekwa karibu na Nafion ilionyesha voltiji hasi, milivolti 100 hadi 200 chini ya maji ya mbali. Rangi inayopima asidi ilionyesha kwamba maji yaliyo nje ya mpaka yamejaa protoni. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 270 ulifyonzwa ndani ya ukanda, jambo ambalo maji ya kawaida hayafanyi. Na mwaka 2009 waliripoti kwamba miale ya infraredi, hasa ile ya mikromita 3.1, hupanua ukanda mara kadhaa. Kutokana na hayo Pollack alijenga hoja kwamba kando ya nyuso zinazopenda maji huzuka hali ya nne ya maji, isiyo barafu, wala kimiminika, wala mvuke. Mwaka 2013 aliiandikia kitabu kizima. Fomula aliyoipendekeza si H2O bali H3O2: tabaka za pembesita zenye chaji hasi, ambazo zimesukuma protoni nje na kuzifukuza chembe kwa sababu ya mpangilio wao.

Ni hoja yenye mvuto, na inajibu kila kipimo kwa jibu moja. Tatizo lake liko kwenye hatua ya kwanza kabisa. Chembe ndizo zilizoonekana zikiondoka. Maji yenyewe hayakuonekana yakifanya lolote. Ukikuta uwanja wa soko umebaki mtupu saa sita mchana, huwezi kusema udongo wake umegeuka kabla hujauliza nani aliyewafukuza watu. Kutokuwepo kwa chembe kunathibitisha kwamba kuna kitu kinachozisukuma, basi.

Fomula yenyewe nayo haivumilii hesabu. Tuchukue eneo la sentimita 1 ya mraba ya Nafion na ukanda wa milimita 0.2 juu yake. Hapo pana mililita 0.02 za maji, yaani gramu 0.02. Kama maji hayo yote ni H3O2 na kila kipande kina chaji hasi moja, basi yamebeba kulombu 55 hivi. Pigo moja la radi kwa kawaida hushusha kulombu 15 hadi 20. Tungekuwa na chaji ya radi tatu hivi zikiwa zimekaa kimya ndani ya tone, huku protoni zake zikisubiri upande wa pili wa mpaka, na sindano ya kupimia ikisoma milivolti 200 tu. Umeme hauko hivyo. Chaji nyingi kiasi hicho, zikitenganishwa kwa sehemu ya milimita, zingejirudia kwa kishindo kabla hata ya ukanda kuanza.

Hii haina maana kwamba maji hayabadiliki kando ya uso. Hubadilika, na wapimaji wamefanya kazi nzuri mno kulichunguza jambo hilo. Jacob Israelachvili na Richard Pashley walisogeza vipande viwili vya ulanga vikaribiane ndani ya maji yenye chumvi, wakachapisha mwaka 1983 kwamba nguvu kati yake hupanda na kushuka kwa hatua, kila hatua ikilingana na unene wa molekuli moja ya maji. Hapo kweli maji yamepangwa safu kwa safu. Lakini hatua hizo zinaisha ndani ya nanomita moja au mbili. Mwaka 2001 Raviv, Laurat na Klein walibana maji kati ya nyuso za ulanga hadi chini ya nanomita 3.5, wakakuta mnato wake haujapanda hata mara tatu kuliko maji ya kawaida. Na mwaka 2018 kikundi cha Manchester kilichoongozwa na Laura Fumagalli kilionyesha kwamba maji yaliyobanwa ndani ya mifereji ya nanomita chache hupoteza karibu uwezo wake wote wa kuitikia umeme: kipimo ambacho kwa maji ya kawaida ni 80 kilishuka hadi 2 hivi. Mabadiliko hayo ni makubwa, lakini makazi yake ni nanomita. Kati ya nanomita 2 na mikromita 200 kuna tofauti ya mara laki moja, na nafasi hiyo yote hali ya nne iliijaza kwa dhana tupu.

Basi chembe zilifukuzwa na nini?

Jibu lilianzia kwenye kemia ya Nafion yenyewe. Uti wa polima hii ni wa kaboni na florini, jamaa wa Teflon, lakini umeoteshwa matawi yenye vikundi vya asidi ya sulfoniki. Kila kikundi kimeshikilia protoni moja kwa ulegevu. Ndiyo kazi iliyoifanya Nafion iwe na thamani ndani ya seli za fueli: inapitisha protoni. Ukiitumbukiza katika maji yenye chumvi hata kidogo sana, hubadilishana: inameza ioni za sodiamu na kuachia protoni. Na chumvi kidogo haikosekani, kwa kuwa vitufe vya plastiki vyenyewe huja na ioni zake.

Sasa fuata mwendo wa ioni hizo, kwa maana hapa ndipo jambo zima lilipo. Protoni zinatoka Nafion kwenda nje. Sodiamu inatoka nje kuja Nafion. Lakini hazina mbio sawa. Kiwango cha usambaaji wa protoni katika maji ni takriban mita za mraba 9.3 × 10⁻⁹ kwa sekunde. Cha sodiamu ni 1.33 × 10⁻⁹, yaani pungufu mara saba. Zikiachwa kila moja iende kwa kasi yake, chaji chanya zitakimbilia nje kwa wingi kuliko zinavyorudi ndani, na maji hayaruhusu mlundikano wa namna hiyo. Kwa hiyo unazuka uga wa umeme unaoelekea Nafion, unaozibana protoni zipunguze mwendo na kuihimiza sodiamu iongeze. Uga huo hauhitaji uso wa Nafion uwe karibu. Unazuka popote ioni zinapopishana kwa mbio tofauti, na ioni zinasambaa hadi mamia ya mikromita. Vitufe vya plastiki vilivyotumika vingi vina chaji hasi. Chembe hasi katika uga unaoelekea ndani husukumwa nje.

Jina la mwendo huu ni difyusioforesisi, yaani chembe kuhama kwa sababu ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka hautoshani pande zote. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni huo umeme nilioueleza. Ya pili hutokana na tofauti ya ukolezi wenyewe kwenye ngozi ya chembe, na haitegemei alama ya chaji yake.

Aliyetoa hoja hii dhidi ya hali ya nne ni J. Michael Schurr, mkemia wa chuo kile kile cha Washington. Mwaka 2013 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba usambaaji wa ioni unatosha kuleta ukanda mpana kama ule wa Pollack bila kugusa muundo wa maji. Chuo kimoja, idara mbili, majibu mawili, na yote yakachapishwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyakagua. Hili nalithamini sana. Ubishi wa sayansi unapofanyika hivi, msomaji wa nje anaweza kupima mwenyewe nani anatabiri nini.

Na utabiri ndio uliokata shauri. Kama ukanda unajengwa na usambaaji, lazima ufuate sheria ya usambaaji: upana wake ukue kwa kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka uongezeke mara mbili, subiri mara nne. Hesabu ya haraka kwa chumvi ya sodiamu inatoa mikromita 160 hivi baada ya sekunde 10, na 320 baada ya sekunde 40. Tarakimu hizi ni za ukubwa ule ule unaoonekana chini ya hadubini, na hazikupatikana kwa kubuni nguvu yoyote mpya. Mwaka 2014 Daniel Florea, Sami Musa, Jacques Huyghe na Hans Wyss wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven walifuatilia mwendo wa chembe kando ya Nafion na kuulinganisha na hesabu ya kubadilishana ioni. Ukanda ulikua kwa kipeuo cha pili cha muda.

Kipimo kigumu zaidi kilikuja mwaka 2020 kutoka Barcelona. María José Esplandiu, David Reguera na Jordi Fraxedas walitumia chembe zenye chaji tofauti ili kutenganisha sehemu mbili za difyusioforesisi. Walikuta kwamba mbele ya chumvi za kawaida kama ya sodiamu, umeme ndio unaotawala, na kwamba si kila chembe hufukuzwa. Kukiwa na aina fulani ya chembe, ukanda hauzuki kabisa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kama maji yangekuwa yamegeuka kuwa kitu kigumu kilichopangwa, yangekuwa yamegeuka bila kujali chembe gani inaogelea ndani yake, na kila aina ingekataliwa. Ukanda unaotokea au kutotokea kulingana na chaji ya chembe ni habari ya umeme na chembe.

Brisbane nako walikuwa wamekwenda kwenye maji yenyewe. Spencer, Riches na Williams walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kupitisha mwanga uliochujwa uelekeo. Mpangilio wa safu kama wa fuwele hugawa mwanga wa namna hiyo. Walichokuta kinahusiana na ukanda ni usambaaji wa protoni. Sifa ya kugawa mwanga haikuwepo.

Ukirudi sasa kwenye ushahidi wa mwaka 2006, utaona sehemu kubwa yake inahamia upande wa pili bila kubadilishwa hata herufi. Voltiji hasi karibu na Nafion? Ndivyo uga unaoelekea ndani unavyopaswa kusomeka. Protoni nyingi nje? Ndizo Nafion ilizoziachia. Pollack alizipima vizuri. Alizisoma kama matunda ya maji yaliyojipanga, kumbe ni mzigo wa ubadilishanaji. Hata zinki, ambayo kikundi chake kiliripoti mwaka 2012 kuwa na ukanda mpana kuliko metali nyingine walizojaribu, inaeleweka hivi hivi: zinki humenyuka na maji na kuachia ioni, na ioni zinazotoka ndizo zinazoanzisha mwendo.

Miale ya infraredi inahitaji uangalifu zaidi. Mikromita 3.1 iko karibu na kilele ambapo vifungo vya oksijeni na haidrojeni hufyonza mwanga kwa nguvu zote. Maji humeza karibu mwale wote wa namna hiyo ndani ya mikromita chache za kwanza. Hauwezi kusafiri ndani ya chombo na kuyajenga maji ya mbali. Unachofanya ni kupasha moto pale unapoingilia. Joto huharakisha usambaaji na huamsha mzunguko wa maji. Kikundi cha Eindhoven kilionyesha mwaka 2016 kwamba hata bila taa, ubadilishanaji wa ioni kando ya Nafion huleta mzunguko wake, kwa sababu mteremko ule ule wa ukolezi wa ioni huyasukuma maji kandokando ya kuta za chombo. Nani aliyeipima taa huku akiuondoa mzunguko? Kipimo hicho ndicho ningekidai kabla ya kuihusisha infraredi na muundo wowote.

Ufyonzaji wa nanomita 270 ndio hoja dhaifu kuliko zote machoni pangu, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi na wauzaji wa vifaa vya kutengeneza maji yenye muundo. Vitu vingi vilivyoyeyuka kwa kiasi kidogo sana hufyonza mwanga katika eneo hilo, na polima inayolowekwa majini ni chanzo cha kwanza cha kushukiwa. Kusema ni hali mpya ya maji kabla ya kuwafuta washukiwa hao ni kuruka hatua.

Na hatua hiyo iliwahi kurukwa. Mapema miaka ya 1960 Nikolai Fedyakin wa Kostroma, Urusi, alikuta ndani ya mirija myembamba ya kioo kimiminika kizito kilichokataa kuganda na kuchemka kama maji. Derjaguin, yule yule wa nadharia ya 1941, aliichukua kazi hiyo Moscow. Mwaka 1969 jarida la Science lilichapisha makala iliyokiita kimiminika hicho maji ya polima, na maabara za nchi nyingi zikakimbilia kukitengeneza. Denis Rousseau wa Bell Labs alipima jasho lake mwenyewe lililotoka kwenye fulana aliyochezea mpira wa mkono, akakuta alama zake za infraredi zinafanana sana na za kile kimiminika. Ilikuwa ni uchafu ulioyeyuka. Mwaka 1973 Derjaguin alikiri hadharani.

Watu wengi humkumbuka kwa hilo tu, na wanamdhulumu. Mwaka 1947 Derjaguin na wenzake walikuwa wamekwisha kueleza mwendo wa chembe katika mteremko wa ukolezi, yaani difyusioforesisi yenyewe. Chombo cha kuufungua ukanda wa Nafion kilikuwepo kwenye maktaba miaka 56 kabla ya makala ya Seattle. Kilikaa kwenye rafu ya wataalamu wa koloidi, yaani chembe ndogo zinazoelea ndani ya kimiminika, nao watafiti wa misuli na seli hawakuwa wakipita kwenye rafu hiyo.

Leo mwendo huo unafanyiwa kazi kwa bidii. Mwaka 2017 Sangwoo Shin, Howard Stone na wenzao, wakifanya kazi Princeton, walionyesha namna ya kuondoa chembe majini bila kichujio. Gesi ya kaboni dioksidi inayopenya pembeni mwa mfereji huyeyuka na kutoa ioni, protoni zinatangulia kwa mbio zake, umeme unazuka, na chembe zinahamia upande mmoja huku maji safi yakivutwa upande wa pili. Hakuna utando wa kuziba. Mwaka uliofuata Shin na Stone walitazama nguo. Uchafu uliojificha ndani ya vinyweleo vya uzi haufikiwi na maji yanayopita, hata ukisugua, kwa kuwa mkondo hauingii humo. Lakini nguo iliyolowa sabuni ikitiwa katika maji safi, ukolezi wa sabuni ndani ya uzi unakuwa mkubwa kuliko nje, mteremko unazuka, na chembe za uchafu zinatoka kwa kuufuata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kutakata hutokea wakati wa kusuuza, na ukisuuza kwenye beseni lile lile lenye mapovu, tofauti ya ukolezi inayozitoa chembe haipo.